Mche wa robusta usiuzwe bila namba yake

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wauza miche ya kahawa ya robusta wenzangu, na zaidi na wanunuzi wetu, kabla mvua za Machi hazijaanza.

Jirani yangu hapa Bombo ana shamba la mibuni linalopendeza macho. Mvua ikinyesha, maua yanachanua meupe na harufu inafika barabarani. Lakini punje zinazoshika baada ya hapo hazitoshi hata kuwalipa wachumaji. Ametia mbolea, amepogoa, ameambiwa udongo umechoka. Nilipopita naye mstari kwa mstari niliona majani ya namna moja na matawi ya namna moja, toka langoni hadi mpakani. Kitalu alikonunua kilimpa shamba zima la ukoo mmoja, yaani miche iliyotokana na mti mmoja tu, wala hakikumwambia.

Robusta haijichavushi. Chavua ikitua kwenye ua la mti uleule, ua linaikataa. Linataka chavua ya mti wa ukoo mwingine, iletwe na upepo au nyuki. Na vikonyo, yaani vipande vya kuotesha vilivyokatwa kwenye mti mmoja, hata viwe elfu, ni mti uleule. Arabika, kahawa ya aina nyingine inayolimwa Mlima Elgon upande wa Mbale, hujichavusha yenyewe, kwa hiyo anayeleta Luweero mazoea ya Mbale anawapotosha watu.

Haya yananiuma kwa sababu nakumbuka tulikotoka. Ugonjwa wa mnyauko wa kahawa ulionekana hapa Uganda mwaka 1993, na katika miaka kumi hivi ukaangamiza karibu nusu ya mibuni ya robusta. Tuling'oa na kuchoma papo hapo shambani, na bado ukahamia kwa jirani. Watafiti wa kahawa wa kituo cha Kituza, Mukono, wakapekua miti, wakachagua iliyostahimili, wakatupa koo saba, KR1 hadi KR7, kisha zikafuata nyingine tatu. Nawashukuru kwa moyo wote. Bila wao wengi wetu tungekuwa tunalima mahindi tu.

Ila ustahimilivu huo una uhakika kwenye kikonyo, si kwenye mbegu. Anayeokota punje chini ya KR3 akaziotesha anapata watoto ambao baba yao hajulikani. Huyu atastahimili, yule atakauka. Kuuza miche ya namna hiyo kwa jina la KR, na kwa bei ya KR, ni wizi, na mwenye kuibiwa atajua baada ya miaka.

Najua vikonyo vina kazi. Lazima vitoke kwenye machipukizi ya wima ya mti mama, maana vya tawi la pembeni hukua vikilala. Bei yake ni halali. Kwa bei hiyo, basi, mnunuzi apewe namba ya ukoo kwenye mfuko na kwenye risiti, na asiuziwe ukoo mmoja kwa shamba zima. Mimi humchanganyia koo kadhaa na kumchorea mistari kwenye karatasi. Wakaguzi wanaopitisha vitalu walifanye hilo kuwa sharti.

Na mwenye shamba kama la jirani yangu asing'oe yote. Apunguze baadhi ya mistari, aweke koo nyingine mbili tatu katikati, na nyuki asiwapulizie dawa wakati wa maua.

Mama mwenye kitalu,
Bombo, Luweero