Huyo mama hakupoteza maisha yake

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu lilipokuwa la karatasi tu, na sijapata kuwaandikia hata siku mlipoyakata mashairi ya Jumapili. Lakini makala yenu ya mwezi uliopita juu ya marehemu Cecily Clark, mtafiti wa majina ya kale ya Waingereza, imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu kataja kuzaliwa kwake 1926 na kufa kwake 1992, na katikati hapo hana alichokiona ila mwanamke aliyekosa la kufanya akakaa kuhesabu majina ya wafu. Kisha anauliza kama hiyo nayo ni kazi.

Ndiyo, ni kazi. Baada ya Wanormani, watu wa Normandy huko Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, majina ya zamani ya Kiingereza yalianza kuachwa, kila mtoto akawa William, Robert au Richard. Hilo lilijulikana siku nyingi. Clark yeye alizifungua orodha za wapangaji na za watu walioombewa dua kwenye nyumba za watawa, akayatenga majina ya wanaume na ya wanawake. Ya wanaume yalikuwa yamegeuka upesi. Ya wanawake yalichelewa nyuma. Katika makala yake ya 1978 akaeleza sababu: waliovuka bahari wengi walikuwa wanaume, na wake wakawapata hapohapo, kwa wenyeji. Habari kubwa namna hiyo, ya nani alimwoa nani, imetoka kwenye majina matupu! Aliishughulikia pia orodha ya mji wa Battle ya mnamo 1110, nyumba kwa nyumba, ambamo yumo Edric aliyekuwa akisubu kengele na Gilbert mfumaji. Wala hakuwa mwepesi wa kusema Gilbert ni Mnormani kwa kuwa anaitwa Gilbert. Alijua kwamba jina hufuata fasheni, na kwamba baba Mwingereza halisi aliweza kumpa mwanawe jina la wakubwa wapya.

Na si fasheni tu, ni kuona haya pia, na hapa ndipo mwandishi wenu aliponiudhi hasa. Zama hizo kulikuwa na kijana wa Whitby, Uingereza, aliyeitwa Tosti. Watoto wenzake wakamcheka mpaka jina likabadilishwa, akawa William. Orderic, mwanahistoria wa zama hizohizo, alipopelekwa Normandy akiwa na miaka kumi, watawa wa huko waliliona jina lake la Kiingereza gumu masikioni, wakampa Vitalis. Nilipoyasoma hayo niliweka kitabu chini nikasonya. Mimi ni Mwanahamisi, mzaliwa wa Tanga. Hapa Uingereza nilianza kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na siku ya kwanza msimamizi wa zamu akanikabidhi beji imeandikwa Mary. Hakuniuliza. Alisema wazee watachanganyikiwa, na herufi hazitaenea. Zilienea! Wenzangu wa Poland walikuwa na majina marefu kuliko langu na beji zao zilitosha. Nikaitikia Mary kwenye korido, Mary jikoni, Mary kwenye karatasi ya zamu, hata bibi mmoja wa chumba cha mwisho, aliyesahau majina ya wanawe mwenyewe, akalikumbuka hilo la uongo. Sasa mtu akija baada ya miaka mia tisa kuzifungua karatasi zile, atajua nilitoka wapi? Ni mtu kama Clark tu atakayesita na kusema, ngoja kwanza, huyu Mary huenda si Mary.

Na nikiwa papa hapa, mbona hamwaandiki wale wanaouza ngao za ukoo madukani? Unataja jina la baba yako, mashine inakutemea ngao yenye simba, wanakutoza pesa. Kwa sheria ya Uingereza ngao ni ya mtu na kizazi chake, si ya kila mwenye jina linalofanana na lake. Shemeji yangu kaitundika sebuleni, juu ya televisheni, na ukimwambia ananuna. Hao ndio wa kuandikiwa kejeli.

Ushauri wangu ni huu. Mtengenezeeni mwandishi wenu beji iliyoandikwa Alwinus, jina lililomo kwenye Domesday, lile daftari la kale la ardhi ya Uingereza na wenye nayo, aivae ofisini, simu apokee kwa jina hilo. Asiivue mpaka ajue huyo Alwinus mama yake alimwita Ælfwine au Æthelwine, maana makarani waliyaandika yote mawili kwa namna moja. Akikwama, kitabu cha majina ya Domesday kipo: Mswidi Olof von Feilitzen alikichapisha mwaka 1937, naye mkimwona hana kazi mseme mapema. Maandishi ya Clark mwenyewe yamekusanywa kwenye buku moja la 1995.

Halafu Domesday ni ya 1086. Hiyo 1066 mliyoiweka kwenye maelezo ya picha ni mwaka wa vita.

Mwanahamisi,
Leicester, Uingereza