Pembe ni za wageni wa kifalme tu?

Mhariri,

Apitaye Moi Avenue hapa Mombasa huziona zile sanamu za pembe za ndovu. Zilisimamishwa enzi za Mwingereza kulaki wageni wa ukoo wa kifalme, na hadi leo watalii hushuka tuktuk kupiga picha chini yake. Basi mtu asiniambie mji huu haujui kumpokea mgeni kwa sanaa. Tunajua, ila tunachagua mgeni.

Waliotujia kwa bahari baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991 hawakusimamishiwa kitu. Walipewa mahema Utange, kisha miaka hiyohiyo ya tisini kambi zikafungwa. Kati yao walikuwamo Wabarawa, watu wa mji wa Barawa, Somalia, ambao Kiswahili chao, Chimiini, ni ndugu wa Kimvita chetu cha Mombasa. Waliobaki wana maduka na wana watoto waliozaliwa papa hapa, na bado kijana wao akipanda matatu Kongowea, makanga humwita "warya", neno la kumkejeli Msomali, na abiria wakacheka.

Mwaka 2021 kikaragosi kiitwacho Amal, kirefu cha mita 3.5, kilitembezwa kutoka Gaziantep, Uturuki, karibu na mpaka wa Syria, hadi Manchester, Uingereza. Ni safari ya kilomita zipatazo 8,000. Amal ni mtoto wa Kisyria wa miaka 10 anayemtafuta mamake. Waliomuunda ni Waafrika wenzetu, kampuni ya Handspring ya Cape Town. Hasemi neno. Ndani yake yumo mtu aliyepanda ngongoti, anayeiendesha miguu na kuvuta nyuzi za uso. Wengine wawili huishika mikono kwa nje, peupe. Kwangu mimi ufundi wote uko hapo: wanaomwendesha unawaona kwa macho yako, na hata hivyo akikunyoshea mkono, nawe unanyosha wako.

Sisemi kikaragosi ni dawa. Alipofika Larissa, Ugiriki, kuna waliomrushia mawe. Lakini mawe hayo yalionekana na dunia nzima, tofauti na yale anayorushiwa mkimbizi vichochoroni.

Najua pia kuna watakaosema sanamu ya mtu haifai mji wetu, na hoja yao naiheshimu. Basi tusiunde mtu. Tuunde jahazi, maana wengi walikuja hivyo: mbavu za mianzi, tanga la leso zilizoshonwa pamoja, na watu ishirini chini yake wakiliinua na kuliinamisha kama limeingia mkondo wa Kilindini. Mafundi tunao. Jirani zetu Wamakonde wa Kwale ni wachongaji tangu jadi, na adha ya kuishi bila kitambulisho wanaijua kuliko afisa yeyote. Mwaka 2016 walitembea kwa miguu hadi Nairobi kudai haki yao, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Huo nao ulikuwa msafara, tena bila mfadhili wa sanaa.

Ombi langu ni kwa wahusika wa utamaduni katika kaunti. Juni 20 ni Siku ya Wakimbizi Duniani. Mwaka ujao tupunguzieni fulana na hotuba, na mgeni wa heshima anayefika saa sita. Jahazi liondoke Kengeleni, ambako kengele ya Frere Town ingali inakumbusha watu waliookolewa utumwani na kupewa makao hapa tangu 1875, livuke daraja la Nyali hadi Makadara. Na wakimbizi wasiwekewe viti vya mbele watazame. Wao ndio wawe chini ya jahazi, bega kwa bega na vijana wa Kisauni na Majengo.

Wenye magari watalalamika kwamba daraja litafungwa saa mbili nzima. Foleni hulifunga kila jioni, na hakuna hata ngoma ya kutazama.

Msomaji wenu,
Kongowea, Mombasa