Kapeti jipya lisitandikwe kabla mvujo haujaonekana

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wenye magari makuukuu ya safari za porini, pamoja na mafundi wanaowahudumia, jambo moja nililojifunza kwa gharama kubwa. Kapeti likilowa ndani ya gari, lisinunuliwe jingine mpaka gari hilo liwe limepitishwa kwenye mvua likiwa na sakafu tupu, na mwenye gari awe ameona kwa macho yake mahali maji yanapoingilia. Naandika sasa kwa sababu masika yamekaribia, na huu ndio msimu ambao watu hukimbilia kwa mafundi wa kapeti na kurudi nyumbani na gari linalopendeza juu huku bati la chini likiendelea kuoza.

Mimi ni bwana misitu mstaafu. Gari langu ni Toyota Land Cruiser ya mwaka 1994, ya ule mfululizo wa 80 ambao watu wa hapa kwetu wameuzoea kwa jina la VX, na kwa muda mrefu limekuwa likipanda na kushuka kati ya Muheza na Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ambako mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000. Miaka mitatu iliyopita nilianza kusikia uvundo kila nilipofungua mlango asubuhi, na vioo vilikuwa na ukungu kwa ndani hata siku ambazo mvua haikunyesha. Nilipobonyeza kapeti mbele ya siti ya abiria, maji yalichuruzika kati ya vidole vyangu. Nikalipeleka kwa fundi, naye akang'oa kapeti la zamani na kutandika jipya siku hiyo hiyo. Vuli ilipoanza uvundo ukarudi. Fundi wa pili akatandika kapeti la pili, na masika yaliyofuata hali ikawa ile ile. Safari ya tatu niliamua kufungua mwenyewe, na nilipokwangua kutu karibu na miguu ya abiria, bisibisi ilitoboa bati ikatokea chini ya gari. Mafundi wote wawili walikuwa wameliacha tandiko nene la chini mahali pake likiwa limejaa maji, na hakuna aliyeniuliza maji hayo yametoka wapi. Nakiri kwamba mimi mwenyewe niliagiza kapeti tu, wala sikuagiza uchunguzi.

Tandiko hilo ndilo wengi hawalijui. Ni nyuzi zilizoshindiliwa pamoja, nene kama kidole gumba mahali pengine, na kazi yake ni kuzuia kelele na joto la injini na gia boksi. Hunyonya maji kama godoro, na kwa kuwa limebanwa kati ya bati na kapeti, hewa hailifikii. Gari likiegeshwa juani huku vioo vimefungwa, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kupanda hadi kwenye vioo na dari, kisha ubaridi wa usiku huugeuza mvuke huo kuwa matone yanayoshuka tena chini, na mzunguko huo unaweza kuendelea kiangazi kizima bila tone jipya la mvua kuingia. Kuacha milango wazi mchana mmoja hukausha manyoya ya juu ya kapeti tu. Mikeka ya mpira tunayoinunua ili kulilinda kapeti nayo huzuia unyevu usitoke kwa juu. Kwa wenzetu wa Tanga mjini, Pangani na mwambao wote hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mchanga na maji ya bahari yanayoingia na viatu huacha chumvi, nayo chumvi huvuta unyevu kutoka hewani na kuharakisha kutu. Sakafu ya gari la namna hiyo yapaswa kusuuzwa kwa maji ya bomba kabla ya kukaushwa.

Kabla ya kutafuta tundu, inafaa kwanza kuyatambua maji yenyewe. Maji yanayoteleza vidoleni, yenye rangi na harufu tamutamu, ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inayovuja kutoka kwenye hita au mipira yake, na mara nyingi huacha utando wa mafuta kwenye kioo cha mbele. Gari hilo lipelekwe kwa fundi wa rejeta, kwani injini itachemka siku moja ikiwa mbali na msaada. Maji safi yanayoonekana siku ya jua kali, baada ya safari ndefu iliyotumia AC, yanatokana na unyevu wa hewa unaogeuka matone kwenye evaporeta, yaani kile kifaa cha AC kinachopoza hewa, ambao ulipaswa kutoka nje kwa mrija mdogo unaopenya ukuta wa injini. Kwenye gari kama langu, lenye usukani upande wa kulia, evaporeta iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria, na mrija wake ukiziba maji huishia miguuni pake. Mrija wa gari langu ulikuwa umezibwa na nyigu waliojenga kiota cha udongo ndani yake. Niliuzibua kwa kipande cha waya laini, yakamwagika maji yapatayo chupa nzima, nikadhani nimemaliza kazi. Kumbe nilikuwa nimepata nusu tu ya jibu, maana mvua iliyofuata ililowesha pale pale.

Maji ya mvua yana njia nyingi, nami nitazitaja zile nilizozikuta kwenye gari langu na ya jamaa zangu. Ya kwanza ni kioo cha mbele. Kwenye magari ya mfululizo huu kioo hushikwa na mpira, na chini ya mpira huo bati hushika kutu taratibu bila kuonekana, hasa kwenye pembe za chini, mpaka mpira unakosa mahali pa kukaza. Gari langu lilikuwa limepakwa silikoni juu ya mpira, pengine na mwenye gari aliyenitangulia, na silikoni ile ilificha kutu bila kuizuia. Naomba mafundi walitilie maanani hili: silikoni ya kawaida yenye harufu ya siki hutoa tindikali inapokauka, na ikipakwa juu ya bati lisilo na rangi huizidisha kutu. Kioo chenye tatizo hili sharti kitolewe, kutu iondolewe, bati lipakwe rangi na mpira mpya uwekwe.

Njia ya pili ni milango, na hapa watu wengi hushangaa. Maji huingia ndani ya mlango kila mvua inaponyesha, kwa kupitia pembeni mwa kioo, na mlango umetengenezwa hivyo. Chini yake kuna matundu ya kuyatoa, na nyuma ya paneli kuna nailoni iliyogandishwa kwa gundi ili yasivuke kuja ndani. Fundi wa redio anapofunga spika, au fundi wa alamu anapopitisha waya, huichana nailoni hiyo na kurudisha paneli bila kuiziba. Mwenye gari hubadilisha raba za milango mara mbili bila kufanikiwa, na kumbe kilichohitajika ni nailoni mpya na gundi. Magari yenye kidirisha cha paa nayo yana mirija inayoshuka ndani ya nguzo za kioo, na uchafu ukiiziba maji hufurika darini. Izibuliwe kwa uzi mnene wa nailoni, wala isipulizwe kwa upepo mkali wa kompresa, kwani unaweza kuichomoa mahali ilipounganishwa. Sisi tunaoegesha chini ya miembe na mikungu tukumbuke pia kuondoa majani yanayojaa chini ya wipa, kwa sababu yakioza huziba mifereji ya hapo na maji huingia kwa njia ya feni.

Sasa nieleze jambo hasa lililonifanya niandike. Baada ya kung'oa kila kitu, niliamua kuendesha gari bila kapeti kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Juni mwaka jana. Mvua ilipokuwa ikinyesha nilitandaza magazeti ya zamani juu ya bati, kwa kuwa karatasi huonyesha tone la kwanza limeangukia wapi, jambo ambalo kapeti haliwezi kulionyesha kwa sababu maji husafiri ndani yake na kujikusanya mahali pa chini kabisa. Siku zisizo na mvua kijana wangu alimwagia maji kwa mpira wa bustani, akianza chini ya milango na kupanda polepole, dakika kumi kila mahali, nami nikiwa ndani na tochi. Ukianza juu, maji hushuka na kulowesha kila kitu, na hutajua lipi ndilo tundu. Kwa njia hiyo niliuona mvujo wa pembe ya kioo, nikaona pia kwamba vizibo viwili vya mpira vya sakafuni vilikuwa vimepotea, kwa hiyo kila nilipovuka kijito maji yaliingia kutoka chini. Ni kweli kwamba gari lisilo na kapeti lina kelele, na mke wangu alilalamikia joto la miguuni, lakini miezi ile mitatu ilinifundisha zaidi ya mafundi wote niliowalipa.

Kuhusu bati lenyewe sina mengi. Kutu ya juujuu isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka bati ling'ae, ipakwe dawa ya kutu, kisha rangi ya msingi na rangi ya juu. Palipotoboka pachomelewe bati jipya, na kabla ya moto kuwashwa, tandiko, waya na mipira ya mafuta inayopita chini ya sakafu iondolewe au ilindwe. Soketi za waya zilizolala chini ya kapeti zifunguliwe pia, kwani shaba ikishaota ukijani huleta hitilafu za taa na pampu ambazo fundi umeme atazitafuta siku nyingi. Kwenye magari yenye mifuko ya hewa, waya wa betri utolewe na fundi asubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa soketi za njano chini ya siti.

Kwa upande wa kapeti jipya, ushauri wangu ni kwamba lile la zamani lisitupwe, hata likinuka, kwa sababu ndilo kipimo bora cha kukatia. Badala ya tandiko la nyuzi, nilitumia sponji gumu la aina ile inayotengenezewa ndala, ambalo halinyonyi maji, na sikuligandisha kwa gundi sakafu nzima. Nililikata vipande vinavyoweza kuinuliwa kimoja kimoja. Matundu ya boliti yasitobolewe kwa keekee, kwa kuwa hunasa nyuzi na kuzifumua hadi katikati ya kapeti; yatobolewe kwa chuma cha moto, kapeti likiwa nje ya gari. Mambo mawili yanahusu uhai. Miguu ya siti na boliti za mikanda lazima zikae chuma juu ya chuma, maana kapeti likibanwa chini yake hunywea baada ya muda na boliti kulegea. Vilevile, mbele ya pedali ya mafuta kapeti liwe jembamba na limeshikwa imara, ili pedali isije ikang'ang'ania chini.

Najua fundi anaishi kwa kumaliza kazi, na mteja anayetaka gari lake jioni hatapenda kuambiwa arudi baada ya masika. Hata hivyo nawaomba mafundi wa kapeti wafanye jambo dogo lisilowapunguzia kipato: wakishang'oa kapeti, wamwite mwenye gari aiangalie sakafu yake tupu na kulishika lile tandiko kwa mkono kabla hawajafunika chochote, na kama kuna maji wamweleze kwamba kapeti jipya litaoza pia. Mteja akikataa, uamuzi utakuwa wake akiwa anajua. Ombi langu kwa wenye yadi za magari yaliyotumika, wanaotuuzia magari ya umri huu, ni kwamba mnunuzi aruhusiwe kufungua ukingo wa plastiki wa mlango na kupenyeza mkono chini ya kapeti kabla ya kulipa. Ukingo huo hufunguka kwa dakika chache bila kuharibu kitu, nami bado naufungua wa kwangu kila mwisho wa mwezi.

Wako,
Bwana misitu mstaafu,
Muheza, Tanga.