Shukrani kwa kaka wa darubini, Shela

Kaka uliyesimamisha darubini mchangani Shela, kisiwani Lamu, usiku ule wa Juni, jina lako sikuliuliza, lakini asante yangu ikufikie. Upepo wa kusi ulikuwa ukiitikisa, mwanangu akawa haoni ila ukungu. Ulipiga magoti, ukazungusha kirungu polepole mno, ukamwambia abane pumzi. "Mama, ziko mbili!"

Alfa Centauri, tunayoiona nyota moja tu upande wa kusini, ilikuwa mbili za manjano, zimekaribiana kama punje za mtama. Ukamweleza huzungukana kwa miaka 80 hivi, na kwamba mwanga ule uling'oka huko miaka zaidi ya 4 nyuma, yeye hata chuo cha Kurani hajaanza. Mungu akulipe. Kikoi ulichomfunika tumekifua, kipo kwetu Langoni.