Kabla Hujapigilia Rafu

Lubumbashi, Oktoba

Mama Mapasa wangu,

Habari za Kolwezi? Mapasa wanaendeleaje, bado wanagombania kijiko kimoja? Barua yako ilinifikia kwa mkono wa dereva wa basi, imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama hirizi. Nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili kalamu mkononi. Eti umepata nyumba ya kupanga palepale barabarani, unaacha meza ya sokoni, unafungua alimantasio, duka la vyakula la kweli, lenye rafu na vigari vya kusukuma! Nilipiga kigelegele peke yangu mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Halafu ukaniuliza: "Weye unayependa kuzunguka madukani, niambie, mteja anataka nini?" Haya, nitakujibu. Ila sitaanza na bei.

Kwanza habari yangu mwenyewe. Nimekubali kiti.

Unajua nilivyokuwa mkaidi. Tangu ile ajali ya njia ya Likasi nilitembelea magongo, na kila aliyenitajia kiti cha magurudumu nilimnunia wiki nzima. Kwangu kilikuwa kama kutia sahihi kwamba yamekwisha. Mwishowe mabega ndiyo yaliyoamua. Usiku sikuweza kulalia upande wowote. Kine wangu, yule wa mazoezi ya viungo, kijana mpole asiye na maneno mengi, akaniambia magongo ni ya kutoka kitandani hadi uani, lakini kwenda nayo mjini ni kuyamaliza mabega ambayo nitayahitaji uzeeni. Basi tangu Juni ninacho. Siku ya kwanza nililia. Siku ya pili niliomba mafuta ya kulainisha gurudumu la kushoto, maana lilikuwa linalia kunizidi.

Sasa sikiliza ya supamaketi. Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi nilimwambia binti yangu twende ile moja ya mjini, jina nakuachia, ukija nitakuonyesha. Utauliza kwa nini si sokoni. Soko la mtaa wetu wa Kenya nakwenda bado. Lakini pale nakaa pembeni kwa mama wa mboga na vitu vinanijia: huyu anarusha kitunguu, yule anapitisha fungu la sombe, majani ya muhogo, juu ya vichwa vya watu. Ni raha, ila sichagui. Nyanya ninazopata ni zile muuzaji alizoona zinanifaa. Supamaketi ina sakafu ya vigae, haina matope wala mfereji wa kuruka. Nikajiambia: pale nitajisukuma mwenyewe, nitashika kitu, nitasoma bei, nitakirudisha, nitashika kingine. Utajiri niliokuwa nautafuta ulikuwa huo tu.

Mlangoni pana madaraja matatu. Walinzi wawili wakaja mbio, mmoja akashika gurudumu, mwingine akashika mguu wangu, ndiyo, mguu, wakaniinua kabla sijamaliza kuwaamkia. Nikiwa hewani nikaona ubavuni mwa jengo mteremko mzuri wa saruji. Ni wa kupitishia mizigo. Gunia la bunga, yaani unga, lina njia yake pale, linaingia kwa heshima zake; mimi niliingia nimebebwa kama bibi harusi asiyetaka kuolewa.

Njia ya kwanza kati ya rafu, ya sabuni, nilipita vizuri. Nilinusa, nilishika, nililinganisha, nilifurahi kama mtoto. Ya pili, ya vyakula, ndiyo iliyonishinda. Magunia ya bunga ya kilo 25 yamepangwa kushoto juu ya mbao zake. Kulia, katoni za nyanya za kopo ambazo hazijafunguliwa. Katikati, sijui nani aliona ni vizuri, piramidi ya madumu ya mafuta yenye karatasi ya bei nafuu. Na nyuma ya piramidi, ngazi iliyoachwa na mtu aliyekwenda kula. Mtu mwembamba angepita kiubavu. Kiti hakijui kupita kiubavu.

Hapa ndipo nataka usome taratibu, Mama Mapasa. Watu walikuja kunisaidia, wengi, na kwa moyo mzuri, sitaki kuwasingizia. Lakini kila mmoja wao alitaka kunihamisha mimi. Hakuna aliyewaza kuhamisha katoni. Mmoja alinivuta kutoka nyuma bila kusema neno, nikaona rafu zinarudi kinyumenyume mbele ya macho yangu. Mwingine, mfanyakazi wa palepale, akasema: "Mama, kaa hapa karibu na kese, tuambie unataka nini, tutakuletea." Wakaniegesha mahali pa kulipia, kati ya mifagio na makaa. Nikaomba mchele, wakaleta ule wa bei ya juu. Nikaomba mafuta, wakaleta dumu la lita 5, mimi ninayeishi na binti mmoja asiyependa vya kukaanga. Nikaona haya kuvirudisha mara ya tatu. Unajua haya ya mtu anayesaidiwa ilivyo, inakufanya ununue.

Nikiwa pale kwenye mifagio, baba mmoja aliyevaa vizuri akapita, akaniwekea noti ya franka 1000 mapajani, akaenda zake bila hata kunitazama usoni. Nilikuwa nimevaa kile kitenge changu cha harusi ya mdogo wako! Kisha mama mmoja akaniwekea mkono kichwani akaanza kuniombea, macho yamefungwa, kigari chake kimekingama njia nzima, watu watano nyuma yake wanangoja aseme Amina. Nikaisema mimi kwa niaba yake. Na hatimaye keshia, akiangalia juu ya kichwa changu, akamuuliza binti yangu: "Mama anataka mfuko?" Binti yangu, unaujua ulimi wake, akajibu: "Sijui, lugha yake inanishinda. Jaribu Kiswahili." Ile franka 1000 tulinunulia biskuti, tukazila garini tukicheka mpaka machozi. Machozi mengine hayakuwa ya kicheko, lakini hayo tuyaache.

Usiku ule nikakumbuka jambo, na hili linatuhusu sisi wawili. Unakumbuka tulipokutana supamaketi kabla hujahamia Kolwezi, wewe na kigari chako, mimi na changu? Tulisimama mbele ya mafuta, vigari vimekaa pua kwa pua, tukaulizana habari za watoto, za wakwe, za mshahara wa mzee wako, za yule mwalimu wetu. Nusu saa, na labda zaidi. Nyuma yetu alikuwepo mzee mwenye fimbo. Alikohoa kidogo. Wewe ulisema, "Baba anachagua mafuta." Hakuwa anachagua mafuta, Mama Mapasa. Alikuwa anatungoja tumalize adabu zetu. Kwetu huwezi kumpita mtu bila kumuuliza nyumbani kwake wanaamkaje, ni utovu. Lakini yule mzee alisimama kwa mguu mmoja mzima wakati sisi tunaamkiana. Siku hizi nikikutana na mtu nafsi inaniambia: msalimie, halafu jivuteni wote wawili kwenye kona ya mikate. Pale pana nafasi na harufu nzuri.

Nilirudi Jumatano, siku isiyo na watu, nikaomba kumwona mkubwa wa duka. Alinipokea vizuri, akaagiza maji baridi. Akaniambia kisa chake, nami nilimwelewa: stoo ni ndogo, kodi ni kubwa, malori kutoka Afrika Kusini yanakwama mpakani Kasumbalesa siku kadhaa kisha yanaingia yote kwa pamoja, na mzigo lazima ukae mahali. Hata ile piramidi, alisema, wenye mafuta ndio wanaoiomba, na wanalipia. Kisha akanipa suluhisho lake: "Mama, weye piga simu tu, tutakuletea nyumbani." Unaona? Naye pia. Ameanza kwa kunipa maji na akamalizia kwa kunitoa dukani, kwa upole mkubwa. Nikamwambia mume wangu marehemu ndiye aliyekuwa akiletewa. Mimi nataka kununua. Akacheka. Nikamwomba njia moja tu aniachie wazi, ile ya bunga na mafuta, na ule mteremko wa mizigo wautumie na watu.

Mtoto wa dada yangu anayesoma sheria UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, aliponisikia alikuja na karatasi. Kumbe Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 49, inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya hatua maalumu za kuwalinda. Mwaka 2015 nchi ikaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinasema majengo na huduma zilizo wazi kwa watu wote zifikike na wote. Na tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria yetu wenyewe, namba 22/003. Nilifurahi kuzisikia. Ila ile katoni ya nyanya haijui kusoma, na mlinzi wa mlangoni hajasomewa.

Sasa ya duka lako. Kiti changu kina upana wa sentimita 65 nje kwa nje, na mikono inayosukuma inahitaji nafasi yake, vidole vyangu vimekwaruzwa vya kutosha. Njia ikiwa na sentimita 90 zilizo wazi kabisa napita. Nasema wazi: si 90 za fundi siku ya kupigilia rafu, halafu wewe unaongeza katoni za biskuti zinakula 30. Mwishoni mwa njia, mahali pa kugeukia, niachie duara la sentimita 150, la sivyo nitatoka kinyumenyume kama gari kwenye kichochoro. Kama nyumba ni nyembamba, punguza rafu moja. Ndiyo, najua rafu moja ni pesa. Lakini wanawake wenye watoto mgongoni na kigari mkononi nao watapita, na mtu anayepita anaona vitu, na anayeona ananunua; hilo wewe muuzaji wa miaka 20 sikufundishi.

Uliandika kwamba mlangoni kuna daraja moja. Pima urefu wake wa kwenda juu. Kine alinifundisha hesabu: kila sentimita 10 za kupanda zinataka mteremko wa sentimita 120. Kwa hiyo daraja la sentimita 15 linataka sentimita 180. Fundi atakuambia mita moja inatosha, usimsikilize, atakujengea mtelezo wa watoto. Vitu vinavyonunuliwa kila siku, bunga, chumvi, sukari, sabuni, usivipandishe juu sana. Mkono wangu nikiwa nimekaa unafika kama sentimita 120 kutoka chini, na hapo najinyoosha. Weka na vikapu vidogo, maana kigari cha kusukuma na kiti cha kusukuma haviendi kwa mikono miwili. Kikapu nakipakata.

Na huyo kijana utakayemwajiri, mfundishe neno moja: "Nisogeze nini?" Asishike kiti kabla hajaulizwa. Kiti ni mwili wangu sasa, kukivuta ni kama kunivuta kitenge.

Ulitaka kujua kama yule mkubwa alifanya kitu? Alifanya nusu. Madaraja yapo vilevile, lakini mteremko wa mizigo sasa mlinzi ananifungulia, napita stoo katikati ya magunia, nimeshajua bei ya jumla ya kila kitu. Njia ya bunga ilikaa wazi wiki mbili, kisha malori yakaingia na katoni zikarudi. Nilikuwa nimegeuza kiti niondoke. Ndipo kijana mmoja wa rafu, yule aliyekuwa ameacha ngazi siku ile, akaniona kutoka mbali. Hakuja kwangu. Alikimbilia kwenye katoni, akaanza kuzisukuma kwa goti moja moja mpaka ukutani, akajipangusa, akaendelea na kazi yake bila kusema lolote. Nikapita. Nikasimama mbele ya mafuta muda mrefu bila sababu, nikisoma vibandiko vyote, hata vya yale nisiyoyataka.

Huku joto ni la Oktoba kamili, vumbi mpaka kwenye sahani ya bukari, wote tunaangalia mawingu. Mvua zikishaanza, Desemba, nitapanda basi nije kuona duka, na nitakuletea maembe ya uani kwangu kama watoto wa jirani watabakiza. Kwa hiyo ukiwa na ile futi mkononi, usiishie kwenye rafu. Pima na mlango wa choo cha nyumbani kwako, uniandikie ni sentimita ngapi. Ikiwa chini ya 70, nakuja na magongo, na mapasa watanibebea maji ya kuoga.

Msalimie mzee wako.

Ni mimi, mwenzako wa dawati moja,
Katuba