Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2020: Njia Moja, Watu Wachache

Ndugu wanachama,

Ratiba yetu ya matembezi ya mwaka haikufika mbali. Mwezi Machi, kwa sababu ya korona, makumbusho yalifungwa na mikusanyiko ikapigwa marufuku. Kuanzia tarehe 27 kukawa na kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kuanzia Aprili 6 hadi Julai 7 hapakuwa na kutoka wala kuingia Nairobi. Kamati ikaona itumie kilichobaki wazi, yaani sanamu, minara na kuta zilizochorwa, na ikatengeneza karatasi moja ya njia ambayo mtu anaweza kuifuata peke yake au na wenzake wawili watatu.

Njia ni ya kama kilomita tatu. Inaanzia Nairobi Gallery, kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway: jengo la 1913, lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, na ndiyo sehemu sifuri ambapo umbali wa barabara za nchi ulipimiwa. Mbele kidogo ipo Kipande House, ambapo Waafrika walisajiliwa na kupewa kipande, yaani kitambulisho cha kutundikwa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Karibu na Koinange Street kuna mnara wa 1939 wa kumkumbuka Galton-Fenzi, mwanzilishi wa chama cha wenye magari, uliochongwa umbali wa miji. Watu huupita wakidhani ni kibao cha kawaida cha barabara.

Kituo cha kukaa ni sanamu za askari, zilizozinduliwa 1928. Wapo watu watatu wa shaba, na mmoja wao ni mpagazi. Msomeni huyo kwanza. Maandishi yapo kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi katika vita vya 1914 hadi 1918. Kikosi chao cha wabeba mizigo, kwa Kiingereza Carrier Corps, ndicho kilichoacha jina la Kariokor hapa kwetu na Kariakoo kule Dar es Salaam. Herufi zilizofifia zisomwe kwa tochi ya simu iliyoshikwa kando, ili mwanga upite juu ya maandishi kwa mlalo na herufi zipate kivuli. Ukimulika kutoka mbele huoni kitu. Msipake chaki wala unga. Vumbi hilo huingia kwenye michongo na halitoki kirahisi. Na sanamu zipo katikati ya barabara: usirudi nyuma kutafuta picha kabla ya kugeuka kutazama magari.

Kutoka hapo mnaingia Kimathi Street hadi kwa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, sanamu iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Kisha mnarudi juu hadi maktaba ya McMillan ya 1931 na simba wake wa mawe, Msikiti wa Jamia, na Jeevanjee Gardens, bustani ambayo A. M. Jeevanjee aliupa mji 1906. Moi Avenue inawateremsha kupitia Msikiti wa Khoja hadi kwa Tom Mboya, sanamu ya 2011 katika barabara ileile aliyouawa Julai 5, 1969. Mwisho ni bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, ulipolipuliwa ubalozi wa Marekani 1998.

Muda ndio uliosumbua kuliko umbali. Kusoma vituo vyote huchukua saa mbili. Wakati wa kafyu ya saa moja, matatu ya viti 14 ilibeba abiria wanane tu, kwa hiyo foleni zilianza mapema. Waliomaliza baada ya saa tisa alasiri walihangaika. Anzeni asubuhi, hasa Jumapili, magari yakiwa machache. Barakoa na mita moja na nusu kati ya watu vilimeza sauti ya kiongozi, kelele za magari zikamalizia. Dawa yake ilikuwa kurekodi maelezo ya kila kituo, dakika mbili kila moja, na kuyatuma kwa WhatsApp usiku uliotangulia. Rekodi ndefu hazikusikilizwa hadi mwisho, na zilikula bando.

Kuhusu picha za njia hii mlizotuletea: Nairobi iko kidogo tu kusini mwa ikweta. Kuanzia Aprili hadi Agosti jua la mchana hukaa upande wa kaskazini, na uso wa jengo unaotazama kusini hubaki kivulini. Picha nyingi nyeusi tulizoletewa zilitokana na hilo. Simu haikuwa na kosa. Kamera ya mkononi haiulizwi sana, lakini ukisimamisha stendi, bawabu au kanjo, yaani askari wa jiji, atakuja. Mwombe ruhusa kabla ya kuifungua.

Kupiga picha kuta zilizochorwa ni kazi ya haraka zaidi, kwa sababu michoro haidumu. Mwaka huu Kibera na Mathare zilijaa michoro ya kunawa mikono na kuvaa barakoa, na Juni ikaongezeka ya George Floyd, Kibera. Rangi iliyopakwa juu ya chokaa hubanduka kwa mabamba, kwani chokaa chenyewe huwa unga chini yake. Nyekundu na manjano mara nyingi hutangulia kupauka juani. Mabango ya matangazo humalizia. Kwa kila mchoro tunataka picha tatu: ukuta mzima pamoja na jengo la jirani, sahihi ya mchoraji, na sehemu iliyoharibika, zikiwa na tarehe na jina la barabara. Picha ya sura peke yake haitusaidii kuupata ukuta tena.

Sasa, mwisho wa mwaka 2020, jua liko kusini. Waliopiga kuta zinazotazama kusini mwezi Juni wazirudie kabla ya katikati ya Machi, na picha ziletwe kwa katibu zikiwa na majina ya barabara.