Kwa Vijana Wetu Mlioko Maskati, Dubai na Doha

Assalaamu alaykum, wanangu.

Naandika barua hii nikiwa nimeketi kwenye baraza ya nyumba ya marehemu mama yangu, Mji Mkongwe, baada ya sala ya Alasiri. Nimeiandika kwa uwazi kwa sababu jambo ninalotaka kuwaambia nimeliona kwa wengi wenu mnaokuja likizo, na kabla ya kuliona kwenu nililifanya mimi mwenyewe. Mnailaza furaha kama kiporo, mkidhani kwamba siku mtakayorudi mtaikuta vile vile mlivyoiacha. Kijana akiulizwa anaishi vipi huko, hujibu kwamba anavumilia tu, na kwamba ataanza kuishi nyumba ikishaezekwa.

Niliondoka Unguja mwaka 1982, nikapata kazi ya kuhesabu mizigo katika ghala moja la vifaa vya ujenzi mjini Maskati. Likizo yangu ya kwanza, ya siku 30, niliipata mwaka 1986. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kujenga nje ya mji, kwa hiyo kila siku nilitoka alfajiri kwenda kusimamia mafundi, nikarudi usiku nikiwa hoi, nikala na kulala. Mama hakulalamika hata mara moja. Siku ya kuondoka alinikabidhi kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kitambaa, akaniambia nisilifungue mpaka nifike.

Ndani yake mlikuwa na kashata za njugu 23, kila moja imeviringishwa katika kipande cha gazeti. Dada yangu ndiye aliyenieleza baadaye kwa barua. Kila jioni muuza kahawa alipopita akigonganisha vikombe vyake, mama alinunua vikombe viwili na kashata mbili, akaketi barazani kunisubiri. Kahawa yangu ilipopoa aliimwaga, na kashata yangu akaitia koponi. Zile za chini zilikuwa zimelainika kwa unyevu, karatasi imegandana na sukari, na maandishi ya gazeti yamejichapa juu yake.

Nilizila moja kila siku, nikitoka kazini, nikiwa nimeketi kwenye ngazi ya nyumba tuliyopanga karibu na soko la Mutrah. Sikuweza kuzila nikitembea. Katika zile dakika chache za kila jioni nilianza kusikia adhana inavyogonga milima ya mawe na kurudi, na kuona rangi ya milima hiyo inavyogeuka kabla ya Magharibi. Mzee mmoja wa jirani, Muomani aliyezaliwa Unguja, aliniona nimekaa, akaniita kwa Kiswahili cha kwetu hasa, akanimiminia kahawa ya iliki na kunisogezea tende. Kila nilipomaliza alinijazia tena, nami kwa adabu nikanywa, mpaka akacheka na kunifundisha kwamba mgeni aliyetosheka hukitikisa kikombe kabla ya kukirudisha. Miaka minne nilikuwa nimepita mbele ya mlango wake bila kumjua.

Wanangu, sisemi msijenge. Najua bei ya saruji, najua ada za skuli za wadogo zenu, na najua wazazi wanaotegemea mnachotuma. Wala furaha ndogondogo hazichukui nafasi ya haki: binti anayefanya kazi za ndani asiyelipwa mshahara wake, au aliyenyimwa siku ya mapumziko, adai haki yake kwanza, nasi wazee tusimwambie avumilie. Ninachokisema ni kwamba ndani ya siku hiyo hiyo ya kazi kuna vitu ambavyo tayari ni vyenu na mnavipita. Oman, katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, kazi za juani husimamishwa tangu saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu. Saa hizo tatu wengi huzimaliza kwenye simu wakitazama nyumba za watu wengine. Pikeni pamoja siku ya Ijumaa, hata kama ni wali na mchuzi wa papa tu. Anayejua bao na achore mashimo yake 32, atafute kete 64, awafundishe wenzake.

Na mkipiga simu nyumbani, msianze na hesabu ya matofali. Ulizeni leo kumepikwa nini, kusi imeanza kuvuma au bado, mwembe wa uani umezaa kiasi gani. Mwombeni mama aiache simu wazi wakati anakuna nazi. Maskati mko mbele yetu kwa saa moja tu, na Doha saa zetu ni zile zile, kwa hiyo jioni yenu na yetu zinakaribiana mno kuachwa zipite bila salamu.

Nyumba yangu ilikamilika mwaka 1991, miaka miwili baada ya mama kufariki. Ni nyumba nzuri, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini kila alasiri narudi kukaa hapa. Muuza kahawa hupita kabla ya saa kumi na moja. Atakayekuja likizo mwaka huu awaache mafundi kwa jioni moja, aje. Atanikuta, na kikombe chake nitakuwa nimeshakilipia.